Zawadi ya Kocha

Ushauri wa kwanza alipewa akiwa bado anafunga kamba za viatu. Mwanamke aliyekuwa akitoka, taulo shingoni, alisimama mlangoni na kumwambia kwamba viatu vile vitamharibu magoti. Wa pili ulimfikia kabla hajajua choo kiko upande gani. Wa tatu ulihusu maji, kwamba yasiwe baridi. Wa nne, kutoka kwa mtu mwingine, ulisema yawe baridi sana. Baada ya hapo hakuhesabu tena.

Yeye hakuja jimu kutafuta mwili. Alikuja kutafuta bega lake la kulia.

Alikuwa msusi, na wateja walimwita Mama Vidole kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kichwani. Watu hudhani kusuka ni kazi ya vidole. Msusi mwenyewe anajua ni kazi ya mabega, kwa sababu mikono hukaa hewani tangu mteja wa kwanza mpaka wa mwisho, na vidole vinacheza tu pale ambapo mabega yamevibeba. Bega lake lilivumilia miaka mingi, kisha asubuhi moja likagoma. Alinyoosha mkono achukue kichana, mkono ukaishia kifuani.

Hospitalini, mtaalamu wa viungo, mama mwembamba asiye na maneno mengi, alimweleza kwamba kano moja ndani ya bega imechanika nusu.

"Hii nusu iliyobaki ndiyo tunayoilea," alisema. "Kama mtoto njiti. Hakuna papara."

Akamfundisha jinsi ya kuilea. Ashike mpini wa mashine ya kuinua vyuma kwa mikono miwili na kuupandisha. Ukifika usawa wa kidevu, mkono wa kushoto uachie, na wa kulia ushuke peke yake, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Uzito uwe ule mdogo kuliko wote, na usiongezwe mpaka mtaalamu mwenyewe aseme. Mashine ya hospitali ilikuwa moja na foleni yake ndefu, kwa hiyo aende jimu iliyo karibu na kwake.

Kwa mtu asiyejua, zoezi lile lilionekana kituko. Mama mzima anapandisha kipande kimoja cha chuma kwa mikono miwili, halafu anakishusha huku ameuma midomo! Na jimu ile ilijaa watu wenye macho.

Lakini Mama Vidole hakuwa na nafasi ya kuona haya. Saluni aliyofanyia kazi ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, na msimu wa harusi ulikuwa unakaribia.

"Wifi, kiti chako nakishikilia mpaka mwezi uishe," wifi yake alimwambia. "Baada ya hapo naweka mtu. Usione nina roho mbaya."

"Sioni."

"Na kiti kikishapata mtu, unajua mwenyewe."

Alijua. Mteja akishasukwa na mkono mwingine mara mbili tatu, anakuwa wa mkono huo. Ukirudi atakusalimia vizuri, atakuuliza habari za watoto, kisha atakwenda kukaa kwa mwenzako. Mtaalamu naye alikuwa amesema kwamba mambo yakienda hivi, mwisho wa mwezi wanaweza kujaribu saa moja moja ya kusuka. Basi hesabu zilikutana, kwa ncha ya ukucha, lakini zilikutana.

Tatizo lilikuwa Kocha.

Kocha hakuwa kocha wa mtu yeyote. Jimu haikumwajiri, alilipia mlangoni kama wengine. Jina alijipa mwenyewe, watu wakalizoea. Alikuwa na kifua kipana na mwendo wa daktari anayezungukia wodi yake, akisimama kwenye kila mashine kumtazama mgonjwa.

"Mama, samahani, unajiibia," alimwambia siku ya kwanza.

"Najiibia nini?"

"Zoezi. Huo mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi. Uache wa kulia ujitegemee."

"Nimeelekezwa hospitali."

"Hospitali!" Alilitamka kama jina la ndugu anayejulikana kwa uongo. "Wale wanasoma vitabuni. Mimi bega langu liliwahi kuuma, nikalipiga vyuma mpaka likatubu."

"Bega lako si langu."

"Bega ni bega, mama."

Mama Vidole akamgeuzia mgongo. Kesho yake Kocha alirudi na maonyesho, akashika mpini wa mashine ya jirani na kuonyesha namna inavyotakiwa, huku akipumua kwa kelele. Siku nyingine alikuja na shahidi, bwana mmoja mwenye kitambi, aliyethibitisha kwamba bega lake pia lilikuwa bovu na sasa anabeba mtungi wa gesi kama mkoba. Mama Vidole akabadilisha saa, akawa anakuja mchana wakati wa jua kali. Kocha naye, kumbe, mchana alikuwa na nafasi.

Akaenda kwa mwenye jimu, bwana mpole mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mwambie aniache."

"Ah, Kocha? Kocha ni mtu wa watu, mama. Ana nia njema."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomchemsha. Alipiga hatua zote za kurudi kwake akiyasema peke yake, nia njema, nia njema, mpaka mwenye duka la kona akamuuliza kama amepoteza kitu. Mtu akikukanyaga kwa nia njema, mguu hauumi? Alijaribu kuwa mwadilifu, akajiambia pengine Kocha hana mtu wa kuongea naye nyumbani. Lakini kila alipomwonea huruma, alikumbuka lile neno unajiibia, na huruma ikakauka.

Ndiyo maana siku dereva wa lori alipomsogelea, alimkuta amejaa pomoni. Dereva huyo alikuwa mtu mkimya, anafanya mazoezi yake pembeni na kuondoka bila kumsemesha mtu. Siku hiyo alimngoja Mama Vidole amalize.

"Dada, samahani, kuna kitu nataka nikuambie kuhusu hapa..."

"Usiniambie!" Aligeuka na kumpa vidonge vyake, na juu yake akamwongezea vya Kocha, vya mwenye viatu na vya watu wa maji. "Nimekuuliza? Kuna mtu humu ndani nimemwuliza kitu? Kila mmoja fundi! Mnanionaje, gari bovu?"

Dereva aliinua viganja, akarudi nyuma. "Basi dada. Yaishe."

Mama Vidole alirudi nyumbani amechangamka. Hatimaye alikuwa amesema.

Wiki iliyofuata alifika kama kawaida. Upande wa vyuma vizito watu walikuwa wakipiga kelele na makofi, "Zawadi! Zawadi!" Aliwahi kuzisikia kelele hizo na alidhani ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Hakuuliza. Alichomeka pini ya mashine kwenye kipande cha juu kabisa, uzito mdogo kuliko wote, akafanya mzunguko wa kwanza, akatundika taulo lake kwenye mashine, likafunika pini, akaenda kunywa maji.

Aliporudi alishika mpini kwa mikono miwili, akapandisha. Aliona uzito umemzidi kidogo, akadhani ni joto. Ulipofika usawa wa kidevu, mkono wa kushoto ukaachia.

Chuma kilimvuta mkono chini kwa kishindo. Ndani ya bega alisikia mlio mdogo, kama wa kitambaa kinachochanwa, na moto ukashuka mpaka kwenye vidole. Na kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele, nyuma yake makofi yakalipuka.

"Zawadiii!"

Kocha alikuwa amesimama mikono juu, meno yote nje. "Umeona mama? Umeona? Ni kipande cha tano hicho! Umekipandisha mwenyewe! Nilikwambia unajiibia!"

Makofi yalipungua, moja moja, kadiri walivyomwona anavyokwenda chini. Alipiga magoti, mkono ameukumbatia. Mtu akaleta maji. Ndipo alipoelezwa zawadi ni nini. Ilikuwa desturi ya jimu ile, na waliipenda. Mwenzako akienda kupumzika, unamwongezea uzito kimyakimya. Akirudi akaubeba bila kujua, anashangiliwa, kwa sababu amegundua ana nguvu kuliko alivyodhani. Kocha ndiye aliyeianzisha.

"Ungejua ungeogopa," Kocha alisema, akichuchumaa mbele yake. "Ndiyo maana huwa hatusemi. Pole sana mama. Lakini ona, kosa ni pale ulipoachia wa kushoto. Usingeachia..."

Alikuwa anamshauri! Bega limeshachanika, machozi yanamtoka, na mtu bado anamshauri.

Hospitalini, mtaalamu alilipapasa bega. "Haijakatika," alisema mwishowe. "Lakini tumerudi tulikoanzia."

Habari zilimtangulia saluni. Zilipopita kwenye midomo ya watu zilibadili nguo, na zilipofika kwa wifi yake zilikuwa hadithi ya mama mwenye bega bovu aliyekwenda kushindana na wanaume kubeba vyuma, akapigiwa makofi, akavunjika.

"Mtu ana bega bovu," wifi yake alisema, bila hata kumkaribisha kiti, "anakwenda kutafuta sifa! Nani alikutuma?"

"Waliniongezea uzito bila kujua kwangu."

"Uzito unaongezekaje bila wewe kujua? Wewe si ndiye uliyeshika?"

"Wifi, nisikilize..."

"Nimekushikilia kiti wakati watu wananibembeleza. Nimekosana na watu kwa ajili yako. Jumatatu kuna binti anaanza."

Hapo Mama Vidole aliona jambo lililomuuma kuliko bega. Kiti angeweza kukipoteza kwa ugonjwa, na hilo halina wa kulaumiwa. Lakini kukipoteza huku anaitwa mpenda sifa, yeye aliyekuwa akishusha kipande kimoja cha chuma kama anamlaza mtoto, hapana. Hilo hakulikubali.

Alitoka pale akaenda jimu moja kwa moja, mkono umefungwa kitambaa shingoni.

Kocha alikuwa ameketi kwenye benchi. Mwenye jimu akawahi kusimama katikati yao. "Mama, pole. Tumesikitika wote. Lakini tukumbuke, alikuwa na nia..."

"Ukilimalizia hilo neno," Mama Vidole alisema, "nitapiga kelele mpaka wapita njia waingie."

Mwenye jimu akasogea pembeni.

"Hii ni mara ya kwanza mtu kuumia," Kocha alisema. Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa amesinyaa kidogo. "Miaka yote hii, mara ya kwanza."

"Ya pili," ilisema sauti pembeni.

Alikuwa dereva wa lori. Aliweka chini alichokuwa ameshika. "Mimi ulinipa mwaka jana. Mlinishangilia sana. Mgongo mpaka leo, nikishuka kwenye gari nashuka kama mzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Dereva akamgeukia Mama Vidole. "Siku ile nilitaka kukwambia usiache mashine peke yake. Kwamba hapa wana mchezo huo."

Mama Vidole alisimama na jambo hilo moyoni. Kati ya wote waliowahi kumsogelea, mmoja tu alikuwa na neno la kumfaa, na huyo ndiye pekee aliyemfukuza. Lilimchoma. Lakini alipolitazama vizuri, hasira haikupungua hata tone. Wenye kelele ndio waliomziba masikio, hata mwenye neno alipokuja hakubakiwa na sikio la kumpa. Alimwambia dereva, "Nisamehe kaka," na dereva akaitikia kwa kichwa. Kisha akarudi kwa Kocha.

"Unapenda kusema. Sivyo?"

"Mama, mimi kama kuna gharama..."

"Sijaja kwa gharama. Nimekuja kukuomba useme. Tangu nimeingia humu umesema bila kuombwa, leo nakuomba. Twende kwa wifi yangu ukamwambie ulichofanya."

"Sasa hivi?"

"Una kazi gani nyingine?"

Watu walianza kujitia hamnazo, kila mmoja akitafuta chuma cha kushika. Kocha alichukua shati lake.

Wakaongozana mpaka saluni. Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka, na mbele ya kila kiti kioo ukutani. Kwenye kiti cha Mama Vidole alikaa mteja mwenye kichwa nusu, upande mmoja umesukwa na upande mwingine umesimama kama umepigwa na umeme. Wifi yake ndiye aliyekuwa akimsuka. Mteja wa pili alikuwa chini ya kikaushio.

"Karibu kaka, lakini hapa hatunyoi wanaume," wifi yake alisema.

"Hajaja kunyolewa," Mama Vidole alisema. "Sema."

Kocha alitazama sakafu. Alitazama chupa za mafuta. Mtu ambaye maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, sasa bomba lilikuwa kavu.

"Kuna zoezi moja la bega," alianza, "ambalo watu wengi hulikosea..."

"Si hilo."

"Ni mimi," Kocha alisema. "Mimi ndiye niliyeongeza uzito. Alikuwa amekwenda kunywa maji. Hakujua."

Mkono wa wifi ulisimama kichwani mwa mteja. "Hakujua?"

"Hakujua."

"Alikuomba?"

"Hapana."

"Alikukataza?"

"Mara nyingi."

"Ehe!" alisema mteja wa kikaushio, akitoa kichwa nje. "Na huyu si fundi vioo wa kule njia panda? Ndiye aliyenitilia dirisha!"

"Fundi vioo!" Wifi alimtazama toka juu mpaka chini. "Wewe fundi vioo, mabega ya watu umeyajulia wapi? Mimi nikija dukani kwako nikakushikia kioo unachokata, nikakisukuma kidogo, kwa nia njema, utanipigia makofi?"

"Weka barafu," mteja mwenye kichwa nusu alimwambia Mama Vidole.

"Barafu tena! Maji ya moto," alisema wa kikaushio.

"Nyamazeni!" alisema Mama Vidole na wifi yake, kwa pamoja.

Wifi alishusha mikono. "Mbona hukuniambia hivi?"

"Nilikwambia. Ukaniuliza nani alinituma."

Wifi aliinamia kichana, akakitoa nywele moja moja. "Nilikosa, wifi. Nilisikiliza ya mitaani." Kisha akashusha pumzi. "Lakini msimu ndio huo umefika. Kujua ukweli hakukupi mkono. Kusuka ni mikono juu, na wako haupandi. Nifanyeje?"

Alikuwa amesafishwa jina, na kiti kilikuwa kinakwenda vilevile. Mama Vidole alisikia machozi ya hasira yakimjia, akayazuia, kwa sababu Kocha bado alikuwa mlangoni.

"Hivi vioo," Kocha alisema, "nani aliviweka?"

Wote wanne walimgeukia.

"Nje," Mama Vidole alisema.

"Naondoka. Nasema tu, viko juu mno. Mmepandisha viti mpaka mwisho ili mteja ajione. Kiti kikishushwa, msusi hahitaji kuinua..."

"Nje!"

Alitoka. Walimsikia akisema "samahani" kwa mtu aliyempisha barabarani, kisha hawakumsikia tena.

Wifi alitazama vioo. Alivitundika yeye mwenyewe siku ya kufungua saluni, naye ni mrefu kuliko wanawake wengi. Tangu siku hiyo viti havikuwahi kushushwa, maana mteja akishuka, kioo kinamwonyesha paji la uso tu. Walizoea hivyo, kama mtu anavyozoea mlango unaokwama.

Mama Vidole alivuka chumba na kukanyaga pedali ya kiti. Kiti kikashuka taratibu.

"Jamani, nazama!" alisema mteja. "Sijioni!"

Mama Vidole alisimama nyuma yake. Alitoa mkono kwenye kitambaa, akashika kichana, akagusa nywele. Kiwiko kilibaki ubavuni. Mkono haukuvuka kifua. Aligawa nywele mafungu matatu, akazipinda mara moja, mara mbili, mara tatu. Bega lilitulia.

"Wifi," alisema wifi yake polepole. "Yule mtu amesema kweli?"

"Usiniulize."

"Binti naweza kumpa kiti cha pili. Kama unaweza, hata kichwa kimoja kwa siku..."

"Nitamuuliza mtaalamu. Yeye ndiye nitakayemuuliza." Alikuwa amekasirika. Kwa nini iwe yeye? Watu wangapi wameingia na kutoka kwenye chumba hiki, na ikabidi liwe jicho la mtu yule, kwa sauti ileile ya unajiibia? Alikivuta kioo kwa mkono wa kushoto, akaona kinavyoning'inia kwenye msumari mmoja tu.

"Nyundo iko wapi?" aliuliza.

Wifi akaenda kuitafuta.

"Na asitokee mtu," Mama Vidole alisema, akiwatazama wateja wote wawili, "akaenda kumwambia Kocha."